Usimwambie Asilie

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, nimekunywa uji, nimejilaza, usingizi umegoma. Acha niandike tu.

Kuna dada kaniandikia inboksi wiki iliyopita. Simtaji na wala sisemi ni wa wilaya gani, maana mkoa wetu wa Simiyu tangu uanzishwe mwaka 2012 una wilaya tano tu, na huku kila mtu ni shemeji wa mtu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amefariki. Mimba ilikuwa imetimia, nguo zimefuliwa, beseni limenunuliwa. Kina mama wa jumuiya walikuja kumwona, wakaomba, na kila mmoja akimaliza anamwambia Mungu ni mwaminifu. Sasa yeye kaniuliza swali moja tu: mwaminifu kwa nani, nesi?

Nilikaa na hiyo meseji siku mbili. Mimi ni mwanakwaya. Hayo maneno nimeyaimba, nimeyavaa kwenye sare, nimeyaandika kwenye kadi za harusi. Nayaamini mpaka leo. Lakini nina zaidi ya miaka kumi wodi ya wazazi, na nimeona yanavyotumika kumfunga mtu mdomo. Mama analia, sisi tunaogopa kilio chake, tunamtupia neno la Mungu kama mtu anayemtupia shuka mgonjwa aliye uchi ili sisi tusione. Akinyamaza tunasema amefarijika. Hajafarijika. Amejua tu kwamba hapa hapaliliwi.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kusoma asijichoshe: Mungu anawafariji wanaoomboleza, na mara nyingi sana kazi hiyo anaifanya kwa miguu ya watu waliokuja wakakaa. Wewe ukija ukasema neno lako zuri ukaondoka baada ya dakika kumi, usimsingizie Mungu kwamba hakuja.

SEHEMU YA 2

Kabla sijawasema wengine nijiseme mwenyewe.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, kituo sikitaji. Mama alijifungua alfajiri, mtoto wa kiume, hakulia. Tulijitahidi, hakulia. Nikamfunga kwenye kitenge haraka haraka, nikampitisha mlango wa nyuma, nikamkabidhi bibi yake kwenye korido. Mama kule kitandani anauliza, "Mbona simsikii?" Nikarudi nikamwambia amefariki, kisha nikaongeza kwa sauti yangu ya upole kabisa: "Usilie mama, wewe bado kijana, utapata mwingine. Mshukuru Mungu uko hai." Akanyamaza hapo hapo. Mimi nikajiona nesi mzuri. Nikaandika kwenye rejista herufi zetu tatu za mtoto aliyezaliwa mfu, nikaenda kwa mama mwingine aliyekuwa anasukuma.

Miaka miwili baadaye akaja na mimba nyingine. Nilimsahau, yeye hakunisahau. Tukiwa tunapima presha akaniambia taratibu, bila hasira, kwamba mimi ndiye niliyemnyima mwanawe. Hakumwona uso. Alirudi nyumbani akakuta wameshazika nyuma ya boma, wanawake watatu na jembe. Kwa miaka miwili alikuwa anawaza yule mtoto alifanana na nani.

Sikuwa na la kujibu. Nilisema samahani. Akasema, "Haya nesi, presha yangu ngapi?"

Tangu siku hiyo nauliza. Nasema: mwanao amefariki, pole sana mayu, je, ungependa kumwona? Wapo wanaokataa na hiyo ni haki yao, simlazimishi mtu. Wapo wanaokataa, halafu baada ya saa mbili wanaita. Wengi niliowauliza wamekubali. Namsafisha kama ninavyomsafisha aliye hai, namvalisha kama nguo zipo, namwambia mama kabla hajamshika atakachokiona, kwamba ngozi inaweza kuwa imebadilika, kwamba atakuwa wa baridi. Kisha nakaa. Wakati mwingine sisemi kitu kabisa. Ukiwa na kina mama watatu wa uchungu na nesi ni wewe mmoja, huo muda ni kama dhahabu, najua, wauguzi wenzangu msinishambulie. Lakini hata dakika tano zinawezekana.

Na jina. Kama wazazi walikuwa na jina, litumieni. Nimewahi kumsikia baba akilitamka jina la mtoto mara moja tu, mlangoni, akiwa anampeleka kuzika, na mama akainua kichwa kama mtu aliyeitwa yeye.

SEHEMU YA 3

Sasa dini, maana nimeona kwenye maoni mmeanza kuniambia nisiwakatishe watu imani.

Someni tena kitabu cha Ayubu, sura ya pili mwishoni. Marafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba na usiku wake, hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Huo ndio msiba wa Kisukuma kabisa. Tunalala msibani, tunapika, tunakaa kwenye mikeka, kelele za sufuria usiku kucha. Walipoharibu wale wazee ni pale walipofungua midomo wakaanza kueleza kwa nini yamempata. Kuanzia hapo ni sura baada ya sura za maelezo, na mwishoni Mungu mwenyewe anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika.

Yesu naye alilia kaburini kwa Lazaro. Dakika chache baadaye anamfufua, anajua kabisa atamfufua, na bado kalia na dada zake. Waislamu wenzangu mnaosoma hapa mnajua vizuri kuliko mimi kwamba Mtume alitokwa machozi mwanawe mdogo Ibrahimu alipofariki, na alipoulizwa alisema ni huruma.

Kuna mama mmoja kanibana, na kanibana vizuri: mbona mjane wa Naini Yesu alimwambia asilie? Kweli, alimwambia. Lakini angalia alikuwa anaelekea kufanya nini. Alilishika jeneza, akamwinua yule kijana, akamrudisha kwa mama yake. Kama na wewe unakwenda kumrudisha mtoto, mwambie mama asilie, mimi sitakuzuia. Kama huwezi, basi neno hilo si lako, mwachie mwenye nalo.

Kwa hiyo yule dada wa inboksi nilimjibu hivi, na sijui kama lilitosha. Nilimwambia uaminifu wa Mungu ninaoujua mimi si ahadi kwamba kila mimba itafika. Ningekuwa namwamini Mungu wa aina hiyo ningeacha kazi mwaka wa kwanza. Ninaoujua ni kwamba haondoki. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia na kumuuliza yuko wapi, na hizo ndizo tumepewa tuzisali. Nikamwambia swali lake lenyewe ni sala, aendelee nalo. Kisha nikamuuliza mtoto alikuwa anaitwa nani. Alijibu baada ya sekunde chache tu.

SEHEMU YA 4

Hii itawaudhi watu na sijali.

"Kazi ya Mungu haina makosa." Kweli. Ya kwetu ina makosa, tena mengi.

Sisi wauguzi tunafundishwa habari ya kuchelewa kwa aina tatu. Kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa barabarani, kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sasa fikiria mama yuko kijijini ndani huko Meatu au Itilima, uchungu umeanza jana asubuhi. Mume yuko mnadani, mama mkwe anasema tumngoje. Au mvua imenyesha, mto umejaa, pikipiki haipiti. Au kafika, mtoa huduma ni mmoja na amechoka, mapigo ya moyo wa mtoto hayakusikilizwa kwa masaa. Mtoto anakufa. Halafu wote kwa pamoja, nyumbani, barabarani na kituoni, tunasema Mungu kapenda. Jamani! Mungu anabebeshwa mizigo yetu mingi.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 unasema hapa Tanzania watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanafariki kabla ya kutimiza siku 28. Hapo waliozaliwa wafu hawamo. Na tunajua wengi wanaokoleka. Wakunga wa hospitali 8 za nchini hapa walipofundishwa kumsaidia mtoto apumue ndani ya ile dakika ya kwanza, sisi tunaiita dakika ya dhahabu, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ni kumkausha, kumsugua mgongo, na mfuko wa kumpulizia hewa ukiwa karibu na umesafishwa. Karibu nusu ya wale ambao zamani tungesema Mungu kawapenda, kumbe walihitaji mfuko na mikono iliyozoea.

Sisemi tumwendee mama mwenye msiba na kuanza kutafuta mchawi wa kitaalamu, nani alichelewa, nani alikosea. Hapana. Kwake tunakaa na kunyamaza. Lakini sisi tuliobaki, kwenye kikao cha kujadili kifo cha mtoto pale kituoni, na ninyi nyumbani kwenye kikao cha ukoo, tusijifiche nyuma ya Mungu. Andikeni namba 115 mlangoni, ni ya bure, ni ya usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua na kichanga. Pesa kidogo ya pamba ikiingia, kabla ya baiskeli na simu, tengeni ya kujifungulia. Mama mkwe, ruhusa ya kwenda hospitali mpe kabla mwanao hajarudi mnadani.

SEHEMU YA 5

Nimesema mchawi, basi niendelee, ingawa nilikuwa nimepanga kuiruka hii.

Mtoto akifa huku kwetu, wengine hawasemi Mungu kapenda. Wanauliza, nani? Wanakwenda kwa mpiga ramli. Na mara nyingi sana jibu analorudi nalo mtu ni bibi fulani, mjane, anaishi peke yake, macho mekundu. Kanda hii ya Ziwa, Simiyu tukiwemo, imetajwa miaka mingi kwa mauaji ya vikongwe kwa imani hizo. Hamhitaji mimi kuwaambia, mmehudhuria mazishi hayo.

Macho mekundu, mama zangu, ni moshi. Bibi huyo amepika miaka hamsini kwa kinyesi cha ng'ombe na vijiti vya pamba kwenye kijumba kisicho na dirisha, maana kuni hakuna. Wewe mwenyewe ukipika hivyo mwezi mmoja macho yatakuwa mekundu. Njoo nikuonyeshe kliniki ya macho.

Na tena Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu wakati wa Mwingereza, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa.

Kwa nini naileta hapa? Kwa sababu wanaoomboleza wakiachwa peke yao, wa kwanza kukaa nao usiku anaweza kuwa mpiga ramli. Yeye ana muda. Anasikiliza! Anauliza mtoto alizaliwa saa ngapi, mama aliota nini, nani alikuja kumwona akiwa mjamzito. Sisi wa kanisani tumekuja na aya moja tukaondoka, na sisi wa hospitali tumempa karatasi ya ruhusa na vidonge vya kuongeza damu. Mnashangaa kwamba anakwenda kwa anayemsikiliza? Mimi siku hizi sishangai. Mjane wa macho mekundu na mama aliyefiwa wote ni wanyonge wa Mungu, na tukimwacha mmoja tunamweka mwingine hatarini.

Nilimwona bibi wa hivyo mara moja, amekuja kumuuguza mjukuu wake aliyefiwa na mapacha njiti. Macho yake mekundu kweli kweli. Alikaa sakafuni pembeni ya kitanda siku tatu, kwenye kipande cha khanga, mkono wake ameuweka kwenye mguu wa yule binti, hauondoi ila akienda chooni. Hakuhubiri. Sikumbuki kama alisema sentensi nzima. Asubuhi ya siku ya tatu binti akaomba uji.

SEHEMU YA 6

Hii ni fupi na ni ya kinesi kabisa, maana maswali ni mengi.

Maziwa yanakuja hata kama mtoto hayupo. Siku ya pili, ya tatu au ya nne hivi. Hakuna anayemwambia mama, anaamka kifua kimejaa na kanga imelowa, analia upya. Mwambieni mapema. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana, aweke kitambaa cha maji baridi, akizidiwa akamue kidogo tu apate nafuu, asikamue yote maana yataongezeka. Msimfunge kifua kwa kanga mpaka ashindwe kupumua, nimeyaona hayo. Kama titi limekuwa jekundu, la moto, na ana homa, aje.

Na aje kliniki kama mzazi mwingine yeyote. Wengi hawarudi, wanaona aibu kukaa benchi moja na wenye watoto. Kweli inauma, na kama unafanya kazi kituoni mwone kwanza, usimkalishe pale. Lakini damu nyingi, homa, maji yanayonuka, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, hayo hayajali kama mtoto yupo au hayupo. Na kama zimepita wiki mbili, hali wala halali, hajijali, au anasema angeondoka tu amfuate mwanawe, huo si upungufu wa imani. Msimwongezee maombi ya kufunga kwa mtu ambaye tayari hali. Mleteni hospitali, asiachwe peke yake, na muendelee kumwombea njiani.

Mambo ya "zaa haraka usahau", jamani, acheni. Mwili una ratiba yake, na mtoto mwingine ni mtoto mwingine. Njoo kliniki tupange pamoja.

SEHEMU YA 7

Nilitaka kumaliza jana ila kuna baba mmoja kaandika kwenye maoni, mstari mmoja: "Na sisi je?"

Kaka yangu, umenipata. Nimeandika sehemu sita kama vile mtoto hana baba. Nyie ndio mnapokea mwili, mnachimba, mnarudi na udongo kwenye viatu, halafu watu wanakuuliza mkeo anaendeleaje. Aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa angalau siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na mtoto. Iombe, usiwaambie kazini ni malaria. Mkulima hana wa kumwomba likizo, najua, palizi haingoji. Ndiyo maana zamani jirani walikuja kulima shamba la mfiwa. Hilo hata sasa linawezekana, na mimi nalihesabu ni ibada kuliko makofi ya Jumapili.

Na wale wadogo waliobaki nyumbani, walioambiwa mama analeta mdogo wao. Usimwambie mtoto kwamba mdogo wake amelala. Atakuja kuogopa kulala, au atakwenda kumwamsha. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si kosa la mtu yeyote ndani ya nyumba. Akikuuliza yuko wapi, mjibu unachokiamini. Akikuona unalia, basi alione hilo pia.

Yule dada aliyeanzisha yote haya kaniandikia tena juzi. Kasema mama mmoja wa jumuiya, yule aliyekuwa anaomba kwa sauti kuliko wote, alirudi peke yake siku ya Jumatano na michembe kwenye kikapu. Hakuomba. Walimenya karanga pamoja mpaka jua likazama, wakazungumza bei ya pamba na mambo mengine ya hovyo. Wakati wa kuondoka akamuuliza mtoto alikuwa mzito kiasi gani. Dada akamwambia kilo tatu na robo. Yule mama akasema, "Alikuwa mkubwa," akajifunga khanga yake, akaenda. Dada ananiuliza mimi naonaje.

Sijamjibu bado. Zamu yangu leo ni ya usiku tena, nitamjibu nikitoka.